Mashine Zilizongoja Utepe

SAA 12:40 ASUBUHI

Chumba cha nyuma ya duka la vipuri. Meza moja, viti vitatu, watu wanne. Aliyesimama alikuwa Breki, kwa sababu yeye ni dereva, na madereva, kaka yake alisema, hukaa kazini.

"Mashine sita za kupumulia watoto njiti," alisema Katibu. "Mpya. Bado zimo kwenye maboksi."

Alikuwa katibu kweli. Katibu wa ile klabu ya watu wema wenye beji kifuani. Miezi kumi na minne aliandika maombi ya ruzuku. Klabu ya hapa ikachanga, klabu rafiki ya ng'ambo ikachanga, mfuko mkuu wa klabu zote ukaongeza. Mashine zikaja. Kisha kikachongwa kibao cha marumaru cha kuwashukuru waliofanikisha.

"Majina tisa," alisema. "Langu halimo. La mpiga picha limo!"

"Kwa nini ziko stoo ya hospitali mpaka leo?" aliuliza Fundi, mtu wa umeme.

"Wageni wa ng'ambo hawajafika. Boksi halifunguliwi kabla ya utepe kukatwa. Ripoti ya ruzuku inataka picha."

"Zina siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Watoto wanangoja picha," alisema Fundi. "Halafu majambazi eti ni sisi."

Walicheka. Breki hakucheka. Binti yake, aliyezaliwa siku nne zilizopita akiwa na miezi saba, alilala katika hospitali hiyohiyo, wodi ya zamani, akivuta hewa ya mtungi. Breki aliingia kazi hii kwa jambo moja tu: mgawo wake umhamishe mtoto kwenda hospitali ya kulipia.

"Una hakika zina bima?" Alikuwa akiuliza swali hilo kwa mara ya tatu.

"Zina bima. Zikiibiwa zinaletwa nyingine. Hakuna mtoto atakayekosa."

Kaka alisukuma kopo la maziwa katikati ya meza. "Simu zote humu. Sitaki mtu apige picha na mashine."

"Mke wangu anaweza kunitafuta."

"Nitakaa nalo mimi. Akikutafuta nitakwambia. Au mimi si kaka yako tena?"

Huyo ndiye aliyemlea tangu wazazi wafariki. Alimvalisha viatu vya shule, akamfundisha gia. Breki aliweka simu.

SAA 2:05

Ndani ya gari, wote watatu walivaa vizibao vya njano vya klabu. Katibu alibaki ofisini kwake, akinywa chai kama mtu asiye na habari. Kopo lilikuwa mapajani mwa kaka. Likatetemeka. Akachungulia, akabonyezabonyeza kidogo, akafunika.

"Nani?"

"Matangazo. Wale wa mikopo ya haraka."

"Hao jamaa hawalali."

"Tazama barabara, bwana mdogo."

SAA 2:30

Getini mlinzi aliisoma barua ya Katibu yote, mpaka namba ya sanduku la posta. Ukaguzi wa mashine kabla ya wageni kufika. Akapiga saluti.

Fundi aliteremka kwenye kibanda cha mita. Kazi yake: kukata umeme wa stoo, na betri yake ya akiba. Kamera inakufa, mlango unaachia. Wodi ina laini yake, Katibu aliapa.

SAA 2:41

Mlango uliachia. Giza, vumbi, tochi. Mwanga ukapita boksi la kwanza, la pili, mpaka la tano.

La sita lilikuwa wazi. Tupu.

Nyuma ya rafu mwanamke akapiga kelele. "Sista! Imezima! Sista!"

Breki aliijua sauti hiyo kabla tochi haijafika.

Mkewe alikuwa ameketi juu ya kreti, mkono juu ya kioo cha mashine. Skrini nyeusi. Muuguzi aliwapita mbio, akampachika mtoto kibarakoa kidogo na kuanza kubonyeza mfuko wa mpira, hewa iingie.

"Nani kazima umeme? Mtungi wa wodini umeisha asubuhi hii! Soketi za kule haziwezi mashine hii. Nikasema bora nifukuzwe kazi, nikafungua boksi moja!"

Mke alimtazama mumewe, akatazama kizibao.

"Umekuja," alisema. "Nilikuandikia tumehamishiwa stoo. Ukajibu 'sawa'."

Breki aligeuka. Kaka alikuwa amekumbatia boksi. Hakulitua.

"Kaka."

"Nilijua ni dakika kumi tu. Nikadhani atavumilia."

"Ulijibu sawa."

"Ningekwambia, ungeendesha?"

Breki alimpita. Alitoka mbio mpaka kibandani. Fundi alikuwa akifunga begi lake.

"Rudisha!"

"Nimekata kwa koleo. Nyaya zote. Si mlisema kata?"

"Binti yangu yumo!"

Fundi aliutazama ukuta wa nyuma, mfupi, wa kuruka tu. Kisha akapiga magoti na kuanza kumenya waya kwa meno.

SAA 2:49

"Funguo," kaka alisema mlangoni. Mkono wake ulikuwa umenyooka. "Mdogo wangu, tutakamatwa sote. Njoo twende."

Breki alizitupa chini. Hakumtazama akiziokota.

"Baba, shika hapa," alisema muuguzi. "Nakimbilia mtungi wodi ya upasuaji. Bonyeza taratibu, kama umeshika yai. Moja, mbili, bonyeza. Usisimame."

Breki alipiga magoti. Uso wa mtoto ulikuwa mdogo kuliko kiganja chake. Moja, mbili, bonyeza. Kifua kiliinuka, kikashuka.

"Anapumua?" aliuliza mke.

"Anapumua."

Nje gari liliunguruma, kisha filimbi ya mlinzi, kisha bati la geti likigongwa. Kaka hakufika mbali.

SAA 3:08

Taa ziliwaka. Fundi alikuwa ameweza. Mashine ikalia mara moja, skrini ikafunguka, kijani, nzuri, mpya kabisa. Muuguzi aliingia akivuta mtungi, polisi wawili nyuma yake. Aliunganisha mipira. Akaweka sikio juu ya kifua kile. Akakaa hapo muda mrefu. Akahamisha sikio, akasikiliza tena.

Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wa Breki.

"Baba. Inatosha."

"Umesema nisisimame."

"Najua nilisema."

Moja, mbili, bonyeza.

Polisi mmoja alitoa pingu, akasogea. Mke aliinuka kutoka kwenye kreti, akasimama katikati yao. Hakuwa akilia bado.

"Mwache kwanza," alisema. "Ndiyo mara yake ya kwanza kumshika."