Si Vumbi la Seremala

Mama fundi cherehani alikuwa ameshampata mkosaji wa kikohozi chake. Ni seremala wa chumba cha pili. Walikuwa wamepakana kwa ukuta mmoja miaka kumi bila ugomvi. Sasa kila msumeno ulipolia, mama huyu alikohoa, akafunga dirisha kwa kishindo.

"Vumbi lako litaniua!"

"Shemeji, vumbi hili ni la miaka kumi. Mbona mwaka jana hukukohoa?"

Lilikuwa swali zuri, ila mama hakuwa na masikio ya kulisikia. Kikohozi kilikuwa kikavu. Akipanda ngazi tatu tu, pumzi zilimwishia. Akaanza kumshuku hata binti yake, eti anafagia kwa nguvu makusudi.

Seremala alichoka kushukiwa. Akafunga karakana. "Wiki nzima sikati ubao. Tuone."

Wiki ikaisha bila chembe ya vumbi. Mama akazidi kuhema. Hapo akaogopa kweli.

Binti yake akampeleka zahanati. Makohozi yakapimwa, kifua kikuu hakikuwepo.

"Unameza dawa gani?" muuguzi aliuliza.

"Sina dawa ya kifua."

"Sikuuliza ya kifua, mama. Dawa yoyote."

Mama akaukumbatia mkoba wake. Binti akaufungua, akatoa pakiti iliyofichwa chini ya vifungo.

"Hiyo ni ya mkojo!" Mama aliona haya. "Nameza kila siku, mwezi wa saba huu, ugonjwa usirudi. Mkojo na kifua wapi na wapi?"

"Dawa huingia kwenye damu, na damu hufika mpaka mapafuni. Antibiotiki hii, hasa ikitumika miezi mingi, mara chache huweza kuvimbisha mapafu. Ndiyo maana tunauliza dawa zote."

Daktari akaagiza picha ya kifua, akaisimamisha dawa ile na kupanga tiba nyingine ya mkojo.

"Siku nyingine usiache dawa yoyote bila kutuambia," muuguzi alimwonya. "Lakini ukianza kukohoa au kukosa pumzi, njoo siku hiyohiyo, na pakiti mkononi."

Baada ya wiki kadhaa mama alipanda ngazi bila kusimama. Akaenda kwa seremala na aproni mpya aliyoishona mwenyewe.

"Nisamehe, shemeji. Nilikushuku bure."

Seremala aliipokea, akaigeuza ndani nje, akapapasa kila mshono.

"Unatafuta nini?"

"Sindano uliyoisahau makusudi."

Mama akacheka mpaka akainama. Alicheka kwa muda mrefu, na hakukohoa hata mara moja.