Kiti cha Mgeni

Kiti kilikuwa na joto.

Mama Majoho alikigusa kwa bahati tu, akipanga viti baada ya chakula cha jioni. Kiganja chake kikaangukia kwenye mto wa kile kiti cha kichwani mwa meza, akashtuka. Lilikuwa joto lile linaloachwa na mtu aliyeinuka sasa hivi. Na kile kiti, jamani, hakikaliwi na mtu. Hakijawahi kukaliwa tangu kiletwe.

Kilikuwa kiti cha Bwana. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwinjilisti, alirudi na wazo hilo kutoka semina: kila familia iliyookoka iweke mezani kiti kitupu na sahani safi, ili ikumbuke kwamba Bwana yupo kati yao. Wazo zuri, nani angelipinga? Ila Mwinjilisti hakuwa mtu wa kuliacha wazo zuri bila kulitia chumvi. Kila jioni, kabla ya kupakua, alisimama, akakinyooshea kile kiti mikono miwili na kusema kwa sauti yake ya mikutanoni: "Karibu, Mgeni wetu. Keti nasi. Chochote kilichomo humu ni chako, chukua upendacho." Mke na mtoto wakaitikia amina. Jina hakulitaja hata siku moja. Kwake yeye, kutaja jina kulikuwa kama kumtambulisha mwenye nyumba nyumbani kwake.

Mama Majoho alishona majoho ya kwaya katika chumba cha mbele, na kwa kuhubiri alimshinda mumewe. Mwinjilisti alihubiri kituo cha mabasi, ambako mtu akichoka hupanda basi akaenda zake. Mkewe alihubiri mkanda wa kupimia ukiwa shingoni, na mteja akishapigwa pini kiunoni atakimbilia wapi? Wengi waliokoka pale pale, mkono mmoja ukiwa ndani ya joho.

Jikoni ndiko alikokaa Wifi. Hakuwa mfanyakazi wa ndani, ingawa ungemkuta ungeapa kuwa ndiye. Alikuwa dada mkubwa wa Mwinjilisti, aliyembeba mdogo wake huyo mgongoni mama yao alipofariki. Zamani alipika pombe, na aliyoipika akainywa. Alishaiacha miaka mingi. Lakini Mwinjilisti alikuwa na sharti lake: siku dada atakaposimama mbele ya kanisa na kutubu, ndiyo siku atakayokaa mezani.

"Mungu nilishaongea naye mwenyewe," Wifi alisema. "Akitaka mashahidi ataniambia. Mimi sisimamishwi mbele za watu kama mwizi wa kuku."

Basi akala jikoni, kwenye kigoda, mlango ukiwa umerudishwa. Mama Majoho aliona sawa. Tuseme kweli: aliona raha. Vyombo vilioshwa, sakafu ilipigwa deki, na wageni wa kanisani walikuta nyumba isiyo na doa.

Baada ya lile joto ikaja harufu. Harufu ya kitambaa kilichounguzwa na pasi. Mara ya kwanza Mama Majoho alitoka mbio mezani hadi chumba cha mbele akidhani joho la mtu linateketea. Pasi ilikuwa ya baridi, imesimama mahali pake. Aliporudi mezani harufu ilikuwa imezidi, na ilizidi zaidi kwa upande wa kiti.

Kisha mtoto akaanza. Kitinda mimba wao, pekee aliyebaki nyumbani, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo haukutulia, aliingia chumba cha chakula, akakitazama kiti na kusema kwa adabu, "Shikamoo."

"Unamwamkia nani?" mama yake akauliza.

"Mgeni."

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema marahaba. Ana sauti kama ya baba."

Mwinjilisti alipoambiwa nusura aruke. "Mtoto ana maono! Utukufu!" Kesho yake alikitangazia kituo kizima kwa kipaza sauti. Mama Majoho hakufurahi hata kidogo, na hakujua afanye nini na hofu ambayo mumewe aliiita baraka.

Wifi ndiye aliyemvuta kando, mikono ikiwa na povu la sabuni. "Wifi," alinong'ona, "huyo mgeni wenu anatafuna."

"Nini?"

"Mlango ukirudishwa mimi siwaoni, nawasikia tu. Mnakula watatu. Nasikia midomo minne."

"Ushindwe!" Mama Majoho alisema, lakini kwa sauti ya chini. "Hayo ni maneno ya walevi."

"Haya, mama." Wifi akarudi kwenye sufuria zake.

Jioni hiyo Mama Majoho alikula akisikiliza. Alitafuna polepole, kisha akaacha kabisa, akamsubiri mumewe ameze, akamsubiri Chiriku anywe maji, na pale ambapo mezani hapakuwa na mdomo uliofanya kazi akausikia mdomo wa nne, tena karibu, taratibu, wa mtu asiye na haraka, ukitafuna na kumeza na kutafuna tena, ilhali sahani ya kichwani mwa meza ilikuwa nyeupe na haina kitu ndani.

Tangu hapo Chiriku akaanza kupungua. Aliyekuwa akiongea mpaka usingizini sasa alikaa kimya, mikono ya baridi, chakula hakitaki. Daktari alimpima akasema haoni ugonjwa. Mama yake akampakata kwenye cherehani, akambembeleza.

"Kula kidogo, mwanangu."

"Mgeni amesema nisishibe. Tuna safari."

"Safari gani? Nani amekuruhusu kusafiri?"

"Baba." Mtoto alishangaa kuulizwa. "Kila siku baba anamwambia achukue anachopenda. Amenipenda mimi."

Mama Majoho alilia mpaka uzi ukamponyoka.

Safari hii hata Mwinjilisti aliogopa. Wakamwita mchungaji, mtu mwenye kifua, aliyekemea mapepo ya watu wazima mchana kweupe. Alisimama mbele ya kiti akanguruma, "Toka! Toka! Toka!" hadi shati likalowa. Kiti kikalia kwa kuegemewa. Sauti ikajibu kutoka pale kwa upole, sauti ya Mwinjilisti yenyewe, wakati Mwinjilisti amesimama mlangoni mdomo wazi.

"Nimealikwa."

Mchungaji alikusanya kitabu chake na koti lake. Nje akasema bila kuwatazama, "Mvamizi ningemtoa. Huyu ana mwaliko wenu, na mmeurudia kila siku."

Mwinjilisti alikipasua kiti kwa shoka, akakichoma uani. Kiliungua vizuri kama mbao yoyote. Jioni walikaa watatu, kichwani mwa meza pakiwa patupu. Chiriku, aliyekuwa mapajani mwa mama yake, akapatazama pale patupu.

"Shikamoo," akasema.

Ndipo Mama Majoho alipoelewa kwamba kumbe kile kitu hakikukaa kwenye mbao, kilikaa kwenye nafasi. Na kabla hajamwambia mumewe, mkono wa Chiriku ukanyooka wenyewe hewani kama mkono wa mtoto anayevushwa barabara, mwili mdogo ukaanza kuteleza kutoka mapajani, mama akaushika kiunoni akavuta, upande wa pili nao ukavuta bila hasira na bila kuchoka, harufu ya kuungua ikajaa chumba hadi macho yakatoa machozi, Mwinjilisti akafumbua mdomo kukemea na sauti isitoke, kwa maana sauti yake ilikuwa kule kichwani mwa meza ikimbembeleza mtoto: "Twende, mwanangu, twende."

Mistari yote aliyowasomea wateja ilimtoka Mama Majoho kichwani. Kilichokuja ni jina moja tu.

"Wifi! Wifi, njoo!"

Mlango wa jikoni ukafunguka. Wifi alisimama na upawa mkononi.

"Njoo ukae hapa!"

"Dada," Mwinjilisti alikwaruza kwa sauti iliyobaki, "kwanza utu—"

"Nyamaza!" Mkewe hakuwahi kumwambia hivyo tangu wafunge ndoa. "Mlevi wa kituoni unamkumbatia kabla hajatubu, dada yako aliyekulea unamfungia mlango. Nami nilikusaidia kuufunga. Wifi, nakuomba."

Wifi alirudi jikoni akachukua kigoda chake. Alifika nacho kichwani mwa meza. "Nikae wapi? Alipo yeye?"

"Hapo hapo."

"Naogopa, wifi."

"Hata mimi."

Akakaa. Yaani alishuka na kitu kikamkataa, akabaki nusu, kigoda kikielea chini yake, shingo imekaza, mishipa imemtoka, akaishika meza kwa mikono yote miwili, akajisukuma chini na kusema kwa meno yaliyobana, "Nipakulie."

Mama Majoho akapakua kwa mkono mmoja, mwingine ukimng'ang'ania mtoto. Aliijaza ile sahani safi, akaisukuma mbele ya Wifi. "Kula, wifi yangu. Ni mahali pako. Pamekuwa pako siku zote, nisamehe."

Wifi akala. Kila tonge lilishuka kwa shida, kama anayekula huku amekabwa. Lakini lilishuka, na kila liliposhuka kigoda kiliteremka kidogo, mpaka miguu yake ikagonga sakafu. Pazia la mlangoni likainuka, likaanguka. Chiriku akavuta pumzi, akaangua kilio: anataka chakula.

Tangu hapo Wifi alikaa kichwani mwa meza, akilalamikia chumvi. Chiriku akanenepa. Mwinjilisti aliacha ule mwaliko, na kituoni akawa anahubiri kwa ufupi.

Kisha goti la Wifi likavimba, akalazwa hospitali. Jioni ya kwanza Mama Majoho aliona nafasi kichwani mwa meza, akatoka akamvuta muuza mkaa kwa mkono, akamkalisha. Siku iliyofuata alimleta mlevi. Iliyofuata, yule mama asiye na akili timamu anayelala sokoni. Walijaribu kuisogeza meza ukutani. Nafasi ikafunguka upande mwingine. Mtaa ukasifu. "Wale ndio wanaoishi injili," watu walisema, na mchungaji akamtaja kuwa mfano ibadani. Mama Majoho aliinamisha macho. Angewaambia nini? Kwamba anakaribisha watu kwa woga?

Ikaja jioni ya mvua kubwa, Wifi akiwa bado hospitali. Barabara ilikuwa maji matupu. Mama Majoho alisimama kizingitini akiita, "Karibuni chakula! Yeyote! Karibuni!" Mwinjilisti alisimama kando yake na mwavuli, amekwishakauka sauti kwa kuita. Chiriku alikuwa nyuma yao, ameshika sketi ya mama yake.

Hakupita hata mbwa.

Mama Majoho akahisi vile vidole vikiachia sketi. Harufu ya kuungua ikapita shavuni mwake.

"Shikamoo," Chiriku alisema ndani.

Mke na mume wakatazamana. Midomo ya Mwinjilisti ilikuwa imefumbwa, na sauti yake ikajibu kutoka mezani:

"Marahaba, mwanangu. Njoo, leo hakuna aliyenikalia mahali pangu."