Jina Lililotangulia Siku ya Tatu

Jioni hiyo ya Agosti 2007 niliitwa kwa kazi ndogo tu: kuwasha seva ya zahanati ya kanisa, hapa Mitaboni. Stima ilipotea mchana, ikarudi saa kumi na mbili, na ikirudi lazima mtu aingie stoo nyuma ya chumba cha dawa aamshe programu ya wagonjwa kwa mkono. Mtu mwenyewe ni mimi, Kalunde. Niliiandika mimi, kwa hivyo kila ikilala ni mimi naitwa, hata kama nimeinjika sufuria. Siku nyingine huwa nanung'unika njia nzima. Siku hiyo nilikimbia.

Mtoto aliyekuwa wodini alikuwa wa dada yangu Nthambi. Msichana, siku mbili tangu azaliwe, na tangu asubuhi alikuwa akishikwa na degedege.

Laban, muuguzi wa zamu ya usiku, alinipokea mlangoni akiwa na sindano mkononi.

"Mchana alidungwa dawa," alininong'oneza. "Sijui ni kiasi gani. Daktari wa Machakos amesema kwa simu, kama ilikuwa kamili, nikirudia ataacha kupumua. Kama ilikuwa nusu, nimpe nusu iliyobaki, haraka."

"Si umuulize Sista Nzisa wa zamu ya mchana? Si yeye ndiye alimdunga?"

"Ameenda kwao Katangi. Simu yake ni mteja, imezimwa."

Na makaratasi hatukuwa nayo. Meneja aliyapiga marufuku Januari, ati tumeendelea. Kila kitu kilikuwa ndani ya kompyuta, na kompyuta ilikuwa imelala. Haki niliwalaani wote, nikianza na mimi mwenyewe.

Stoo ilikuwa na joto. Kile kibetri cha kulinda mashine kililia pii... pii... kama kifaranga. Nikavuta kiti, nikafungua lile dirisha jeusi ambalo halina picha wala vitufe, unaandika amri tu kisha unangoja. Nikaandika ./anza.sh, nikabonyeza Enter.

Ikakataa.

Ikaniambia namba 8080 inatumika. Yaani kuna programu nyingine imeshaikalia, inasikiliza mahali pangu. Lakini mashine ilikuwa imewaka dakika nne zilizopita! Hakuna mtu mwingine angeweza kuanzisha kitu. Nikasonya, nikaiuliza: ni nani huyo?

Ikaniandikia mstari mmoja. Muda wa kuanza: saa saba mchana. Mtumiaji: syokau.

Saa saba hakukuwa na stima. Na katika mashine ile kulikuwa na watumiaji wawili tu, mimi na meneja.

Hapo ndipo nilisikia harufu ya ugoro. Ugoro mbichi, wa kusagwa siku hiyo hiyo... karibu na sikio langu.

Niwaambie Syokau ni nani. Alikuwa dada ya baba yangu, mwanamke wa kunusa ugoro kutwa. Hakuzaa. Ng'ombe wa watu walipokufa, kijiji kikasema yeye ni muoi, mchawi, wakamfukuza usiku na blanketi lake moja. Kabla ya kufa alituma mtu kwa baba, anaomba kitu kimoja tu: mtoto mmoja wa ukoo apewe jina lake, asipotee kabisa. Baba alikataa. Hakuna mtu kwetu anaitwa hivyo, na hatulitaji nyumbani.

Nikaua ile programu. Nikaandika amri tena. Safari hii seva ikaamka. Mistari ikaanza kupita mbio, kila mmoja ni mtu anayeomba ukurasa. Nilidhani ni Laban, kutoka wodini.

Haikuwa wodini. Maombi yalitoka ndani ya mashine ileile iliyokuwa mbele yangu. Ukurasa mmoja tu, tena na tena na tena... Ule wa mtoto wa Nthambi.

"Kalunde!" Laban aliita kwa sauti ya chini kutoka kwa korido. "Ameanza tena. Nimpe ama nisimpe?"

"Ngoja! Usimguse!"

Nikaufungua ule ukurasa. Mahali pa jina, ambapo juzi niliandika mwenyewe "Mtoto wa Nthambi", sasa palisema Syokau.

Kosa langu liko hapo, na sitalificha. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo wazee husema bado ni wa aimu, wale wa ukoo waliotangulia, hajawa wetu, na humwiti jina la mtu. Mimi nilijua. Nimezaliwa hapa. Lakini kule mjini nilikosomea walinifunza kila mgonjwa lazima awe na jina, la sivyo programu ikatae, na mimi nikaiandika hivyo hivyo. Nikaweka nafasi ya jina mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na jina, na nikalazimisha ijazwe.

Nikalifuta. Nikaandika tena Mtoto wa Nthambi.

Herufi zangu zikaanza kutoweka. Kisha zikaja nyingine, polepole, moja moja, kama mtu aliyejifunza kuandika uzeeni.

S... y... o... k... a... u.

Chini yake sehemu ya dawa ilikuwa imefungwa, na juu ya sehemu hiyo kulikuwa na kitufe ambacho sikukiweka mimi. Kilisema: Thibitisha jina.

Mwaitu, mama yangu! Nililia. Sioni aibu kusema. Kupitia ukuta nilimsikia Nthambi akiomba Mungu kwa Kikamba, maneno yanakatika. Mtoto sikumsikia kabisa.

"Shangazi," nilinong'ona, "yeye hakukukosea."

Kibetri kikanyamaza. Feni ya mashine ikanyamaza. Mwangaza wa kioo tu ndio ulibaki.

Nikabonyeza.

Sehemu ya dawa ikafunguka. Nusu ya kiasi, saa saba na robo. Nilipiga kelele, "Nusu! Mpe nusu iliyobaki!" na nikasikia viatu vya Laban vikikimbia. Baada ya muda ambao siwezi kuupima, mtoto akalia. Kilio kizuri, cha hasira. Nikakaa chini kwenye sakafu ya stoo nikicheka na kulia pamoja.

Asubuhi Sista Nzisa alirudi, nikamshukuru kwa kuweka ile dawa kwa kompyuta.

"Mimi?" alisema. "Stima ilikuwa imeenda kabla sijamdunga. Nilimpa nusu, nikaandika kwa kidaftari changu. Kiko hapa kwa mkoba."

Tulikilinganisha na kioo. Kiasi ni kile, dakika ni ile.

Siku ya tatu tulikusanyika nyumbani. Mama alimbeba mjukuu wake akamwita Nzilani, jina la mama yake mwenyewe, nyanya yetu, kama tulivyokubaliana. Mtoto akatazama ukuta. Akamwita mara ya pili, kisha ya tatu. Mama akatuangalia mmoja mmoja.

"Huyu ashapewa jina," alisema. "Ni nani amempa?"

Nthambi alicheka. Mimi nilishughulika na chai.

Sasa ana miaka miwili, mzima, mnene, anakimbiza kuku. Ukimwita Nzilani hageuki mpaka umguse. Nthambi amempeleka Machakos mara mbili kupimwa masikio, wamesema yako sawa. Usiku dada yangu hulia, ananiuliza kama mwanawe ni kiziwi, na ninamwambia avumilie, watoto hutofautiana. Ningemwita mtoto mara moja tu kwa jina la shangazi, mama yake angepumzika.

Sijamwita. Naogopa ataitika.