Chipu ya Nane

Watu walimwita Fundi Mate, na jina halikumwonea. Akitaka kujua kipuri gani kinachemka ndani ya redio au televisheni, hahangaiki na kipimo. Analamba kidole, anakigusisha, anasikiliza kinavyolia chwii, kisha anakilamba tena kukipoza. Vumbi, kutu, mavi ya mende, vyote vilipita mdomoni mwake. Mkewe, ambaye ndiye aliyenisimulia haya yote, alikuwa amesema mpaka akachoka. "Mimi kidole hicho usiniguse nacho," alimwambia, na mume alicheka mpaka machozi.

Jumanne moja asubuhi, mtaa umeshachangamka, mshonaji wa duka la tatu kutoka hapo aliingia kibandani kwake amekumbatia kompyuta ya zamani, zile za nyumbani ambazo kibodi na mashine ni kitu kimoja, unachomeka kwenye televisheni. Dada wa watu alikuwa amekonda kwa mawazo.

"Shikamoo, fundi. Hii ni ya kaka yangu, yule Mwalimu."

"Marahaba. Haya, inaumwa nini?"

"Ukiiwasha inakwama. Wanasema ni memori." Akainama, akanong'ona. "Siku ilipokwama ndiyo siku kaka alipopoteza sauti. Miezi minne sasa. Hospitali wanasema koo zima, ulimi mzima. Asiposema mpaka mwisho wa mwezi, shule wanamwondoa. Na kila siku ananiandikia kwamba mashine ikipona, naye atapona."

Fundi Mate hakuwa mtu wa kuamini mambo ya uchawi. Alimwonea huruma tu. Akamwambia aende nyumbani akakae na kaka yake, kazi ni ya siku moja.

Mashine ile ikiwashwa huhesabu memori yake yenyewe, namba zikipanda kwenye skrini mpaka sitini na nne. Hii ilikwama kwenye sifuri. Ndani zilikuwemo chipu nane, kila moja ikibeba nane kati ya hizo sitini na nne, zimechomekwa kwenye soketi kama vile alivyozizoea. Alipofungua kifuniko tu, harufu ikamvaa. Nyama iliyosahaulika mfukoni siku nne inanuka hivyo.

Akaing'oa chipu ya kwanza kwa bisibisi. Chini yake, katikati ya vijiguu vya chuma vya chipu, kulilala kipande chembamba cha nyama, kimekaukia pembeni, katikati bado kina unyevu. Juu kilikuwa na vipele vidogo vidogo. Fundi akakitazama, akajisemea labda mjusi. Lakini mjusi gani ana vipele vile? Akakivuta kwa kibano. Kikatoka kikiburuza uzi wa ute.

Akakitupa kwenye kopo, akasafisha soketi kwa spiriti, akarudisha chipu, akawasha. Namba ikapanda mpaka nane. Papo hapo simu ikaita.

"Fundi!" Mshonaji alikuwa akihema. "Kaka ametoa sauti. Amesema 'aa'."

Chini ya chipu ya pili, kipande kingine. Ya tatu pia. Hapo fundi akatoka mbio, akatapika mferejini mpaka nyongo, wapita njia wakimpa pole. Angeacha, na mimi ningeacha, lakini kila namba ilipopanda simu iliita, na kwenye simu mtu analia kwa furaha. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba umeona kinyaa?

Vipande saba vikaingia koponi. Ukivipanga, vinakamilisha ulimi, kasoro ncha.

"Anaongea, ila maneno yanakatika," mshonaji alisema. "Hamalizi neno. Bado kidogo tu. Nakuomba, fundi wangu."

Chipu ya nane. Akaing'oa huku amefumba pua. Chini yake hapakuwa na kitu. Soketi inang'aa. Akairudisha. Hamsini na sita. Akaweka chipu nyingine, mpya kabisa. Hamsini na sita. Akairudisha ile ya zamani, mashine inawaka.

Na hapa ndipo hasira hunipanda. Mtu na akili zake, vidole vimetoka kushika uchafu ule tangu asubuhi! Akakilamba kidole. Alikumbuka kikiwa tayari kinywani. Akaisikia ladha. Chumvi, na uvundo.

Akakigusisha kwenye chipu.

Haikulia chwii.

Ilikuwa laini. Ilikuwa na majimaji. Na kitu chini yake kikakinyonya kidole, polepole, bila haraka, kama ndama.

Akakichomoa kwa nguvu. Mazoea ni kitu kibaya, jamani. Akakirudisha mdomoni kukipoza.

Skrini ikaandika sitini na nne.

Simu ikaita. "Amepona! Amepona kabisa! Ongea naye mwenyewe."

"Fundi," ikasema sauti, nzito, na kifilimbi kidogo penye pengo la jino. "Ahsante sana. Umeniokoa."

Fundi Mate alijua sauti ile. Ilikuwa yake mwenyewe, mpaka pengo.

Akafungua mdomo apige kelele. Ikatoka pumzi tu. Akapapasa kwa kidole. Ncha ya ulimi haikuwepo. Hakukuwa na damu wala kidonda, ngozi imefunga laini.

Mkewe alimkuta adhuhuri, ameketi, chipu ya nane imeng'olewa mbele yake. Katikati ya vijiguu vya chipu hiyo palikuwa na kinyama chekundu, kibichi, kikicheza. Kopo lilikuwa tupu, limelambwa mpaka bati linang'aa. Mkewe alizoa kila kitu kwa fagio, akachoma moto nyuma ya nyumba, na moshi wake aliusikia kooni wiki nzima.

Fundi hajasema tena mpaka leo; haya yote alimwandikia mkewe kwenye karatasi. Mwalimu alirudi darasani, anafundisha, wazazi wanamsifu. Mwezi uliopita mke wa fundi alikuwa sokoni akichagua nyanya, akaitwa kwa nyuma. Jina lenyewe hakunitajia, ni la chumbani, mumewe tu ndiye anayelijua.

"Nilifurahi mno," aliniambia, akatema mate chini kwa kinyaa. "Nikaitika 'abee' kabla sijageuka. Nilipogeuka alikuwa ni Mwalimu, anatabasamu."