Suti Iliyokataa Kukauka

Suti ilikuwa inadondosha maji ndani ya kabati. Ansgar alifungua mlango wa kabati asubuhi akakuta kidimbwi chekundu juu ya viatu vyake vipya. Akaangalia darini akidhani bati limetoboka, lakini dari ilikuwa kavu. Akalishika koti. Lilikuwa limelowa chapachapa, na kwenye pindo la mkono wa kulia palikuwa na doa la kahawia, bichi, linalonata.

Alilinusa. Utomvu wa mgomba.

Mtu mwingine angekaa chini akatafakari. Ansgar alitafuta pasi. Jumamosi alikuwa anamwoa Mektilda, binti wa katekista wa pale Ushirombo, na kwa majuma mengi hakuwa ameota kingine zaidi ya kutembea katikati ya kanisa akiwa ndani ya sufu ile ya kijivu, wenzake wakiwa wamevaa polista zinazong'aa kama sufuria. Tena suti yenyewe haikuwa yake, na hilo alilijua yeye peke yake.

Ilikuwa ya kaka yake. Festo alikuwa mchimbaji upande wa Kharumwa, mtu wa mabega mapana kiasi cha kupita mlangoni kiubavu, na hakuwahi kuvaa suti hata siku moja. Kila alipokuja nyumbani alimwahidi mama yao, Mama Euphrasia, kwamba akitoka salama kwenye lile duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, atavaa suti ampeleke misa ya Pasaka. Hakutoka. Mvua za Januari ziliporomosha duara, mwenye duara akasema kumfukua mmoja kutaua wengine, na kifusi kikaachwa kilivyo.

Kwao, mwili wa marehemu ukikosekana, huzikwa shina la mgomba mahali pake, likiwa limevishwa kama yeye. Mama Euphrasia aliinuka mkekani, macho yamemvimba, akasema jambo moja tu.

"Mwanangu avishwe suti. Nzuri. Asiende kwa Mungu na ovaroli."

Ndugu wakachanga, Ansgar akatumwa Kahama, dukani kwa Mzee Badrudin, ambaye familia yake imeuza vitambaa na kushona suti pale tangu enzi za babu yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, karibu bwana. Suti ya nani?"

"Ya kaka yangu."

"Aje basi nimpime."

"Nipime mimi tu. Mwili wetu mmoja."

Uongo mtupu, maana Ansgar alikuwa mwembamba wa kutosha Festo kumbeba kwapani. Mzee Badrudin alimwonyesha polista, isiyojali mvua. Ansgar akaipita, akashika sufu nyepesi ya kijivu, akaiweka shavuni, na hapo hapo kaka yake akaipoteza.

"Umechagua vizuri," Mzee Badrudin alisema, akimzungushia futi kifuani. "Lakini mvua ya huku haina adabu. Ikilowa, usiipige pasi, usiisogeze motoni. Itundike kwenye hanga ya mabega mapana. Tope liache likauke kwanza, ndiyo upige brashi. Na usiifungie kwenye nailoni. Sufu ni manyoya ya mnyama, bwana, lazima ipumue. Kila doa nitakutolea, ila utomvu wa mgomba. Huo utazikwa nao."

Siku ya mazishi Ansgar aliomba auvishe mgomba mwenyewe, kama ndugu wa damu, akajifungia nao chumbani. Aliwaza, na wazo lenyewe si la kichaa, kwamba ni dhambi sufu safi ikaoze na mgomba. Sawa. Lakini angeuvisha hata shati. Hata shuka. Hakuuvisha kitu. Aliulaza uchi kwenye jeneza, ukiwa bado unachuruzika utomvu, akapigilia misumari, na mama yake alipogonga mlango akiomba amguse mwanawe mara moja, alimjibu bila kutetemeka.

"Nimeshapigilia, mama. Amependeza sana."

Wakamzika nyuma ya nyumba. Sasa ilikuwa Aprili, Pasaka imepita, mvua haikatiki, na koti lilikuwa limelowa ndani ya kabati kavu.

Alilipiga pasi, ingawa alikatazwa. Mvuke uliopanda haukunuka nguo. Ulinuka udongo wa chini sana, ule ambao haujawahi kuona jua, pamoja na jasho la mtu. Akalitundika, akafunga kabati, akaegemea mlango wake. Nje mvua ya mchana ilikuwa inapiga bati. Ilipopungua kidogo, alisikia nyuma ya mgongo wake, ndani ya kabati, kitu kikivuta pumzi taratibu, kikaishikilia kama mtu anayesikiliza kama waokoaji wamekaribia, halafu kikaitoa, kikavuta nyingine, ndefu kuliko ya kwanza, mpaka ubao wa mlango ukawa unamsukuma mgongoni na kumwachia, unamsukuma na kumwachia, na Ansgar akajikuta, bila kutaka, anapumua pamoja nacho.

Mama Euphrasia aliingia na kikapu cha viazi, akasimama.

"Mbona humu kunanuka duara?" alinong'ona. "Festo akija likizo alikuwa ananuka hivi hivi."

"Ni mvua, mama."

"Na nani anapumua kabatini?"

"Panya."

Mama alimtazama, halafu akalitazama kabati kwa uso ambao Ansgar hakuupenda hata kidogo, kwa sababu haukuwa na hofu. Ulikuwa na hamu.

Kesho yake alilibeba koti mpaka Kahama. Mzee Badrudin alilitandaza mezani, akapitisha futi begani, akarudia, akavua miwani.

"Mimi nilikata hivi? Haya mabega si yako. Kuna mtu mpana amelivaa, amelitanua."

"Hajalivaa mtu."

"Na huu utomvu? Umegusa mgomba?"

"Sijagusa."

Mkono wa koti ulijikunja wenyewe juu ya meza, pole pole, kama mkono wa aliyelala akitafuta shuka. Mzee Badrudin alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga rafu za vitambaa.

"Litoe dukani kwangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nenda hapo Kagongwa, muulizie Scolastika, yule mganga. Hii si kazi ya cherehani."

Scolastika alikuwa mama mnene asiye na maneno matamu. Ansgar alimwambia kwamba jini la machimbo limeingia kwenye suti yake, analipandishaje litoke? Mganga aliligusa koti kwa ncha ya kidole, akakisugua kidole kwenye gauni lake.

"Wewe, hili si jini. Majini yana mambo yao, yanataka marashi, yanataka damu. Huyu anataka nguo tu. Anasikia baridi. Nani umemlaza uchi?"

Ansgar alianza kulikunja koti.

"Nenda leo," Scolastika alisema. "Mbele ya mama yako, fukua, mvishe, mwombe radhi. Leo, unanisikia? Vazi lake ukilivaa mwilini, umekubali kubadilishana naye mahali."

"Keshokutwa naoa. Nitalivaa mara moja tu, halafu namrudishia."

"Basi ondoka, unanilowanishia mkeka."

Unaona jinsi alivyokuwa karibu na kupona? Jembe lilikuwepo nyumbani, kaburi hatua chache tu nyuma ya jiko, na mama angelia, angemtukana, mwisho angemsamehe, maana ndiye mwana pekee aliyebaki. Lakini aibu ya siku moja ilimshinda. Jumamosi asubuhi, radi ikiunguruma, alijifungia chumbani akapitisha mkono wa kwanza. Koti lilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Akapitisha wa pili. Vifungo vilijifunga vyenyewe, kimoja kimoja, kuanzia chini.

Msimamizi wake alipogonga mlango, chumba kilikuwa kitupu.

Bwana harusi alifika kanisani kwa miguu, peke yake, bila mwavuli, wakati kwaya ilikuwa imeanza kuchoka. Watu walishangilia. Alipita katikati akiwa ameinamisha kichwa, maji yakimtiririka kutoka kwenye nywele na kumfunika uso, na suti ilimkaa vizuri ajabu, ikamjaa mabega yote mawili. Kwenye benchi la mbele Mama Euphrasia alisimama, mkono mdomoni.

"Festo," alisema, taratibu.

Mektilda alisikia. Alidhani ni machungu ya mama. Harufu ya udongo ilimfikia kabla ya mtu mwenyewe, lakini nani hakuwa na matope siku ile? Padre alipouliza, ile sauti iliyojibu 'ndiyo' ilitoka imezibwa, sauti ya mtu mwenye mdomo uliojaa. Mektilda aliuchukua mkono ili amvishe pete, na kidole kilikuwa na ubaridi wa kitu kisichowahi kuwa na damu, pete ikazama ndani ya nyama bila kukutana na mfupa, na alipovuta mkono wake ili kujinasua, ule wa bwana harusi ulimfuata, umenata, ukivuta nyuzi ndefu za utomvu juu ya glovu zake nyeupe, akapiga kelele, akamsukuma, na uso ulioinuka kumtazama haukuwa na macho wala pua, ulikuwa maganda ya mgomba yaliyopangana, yakaanza kubanduka moja baada ya jingine mbele ya watu wote.

Kilichoanguka sakafuni kilikuwa shina la mgomba ndani ya suti ya kijivu.

Wa kwanza kukimbia alikuwa Mama Euphrasia, na hakukimbilia nyumbani, alikimbilia kaburini. Wanaume walimfuata na majembe. Udongo wa juu ulikuwa haujaguswa, majani yamekwisha kuota. Misumari ilikuwa pale pale Ansgar alipoipigilia. Walipoinua kifuniko walimkuta, uchi, magoti yamebanwa chini ya mbao, kucha hazipo, mdomo umejaa udongo mwekundu. Amekufa. Lakini mwili ulikuwa bado una joto. Kwaya ilipokuwa inaimba, alikuwa anakwaruza.

Mektilda alipiga magoti matopeni na gauni lake, akalia. Shina la mgomba lililetwa kutoka kanisani, limebebwa na watu wanne, likawekwa kando ya shimo na suti yake. Mvua ikazidi.

"Mama," mmoja wa wanaume alisema, "tumzike Ansgar hivi hivi? Tumpe hata shuka."

Mama Euphrasia alimtazama mwanawe aliyekuwa uchi, kwa muda mrefu. Alikuwa wake huyo pia. Akafungua kitenge kilichokuwa mabegani mwake, watu wakasogea kumpisha. Akapita mbele ya Ansgar bila kusimama, akainama, akalifunika lile koti la kijivu kutoka kolani mpaka chini, lisilowe.