Makala ya Chiriku Kuhusu Mlinzi wa Lango

Kila Ijumaa asubuhi, kabla kengele haijalia, wanafunzi walijazana mbele ya gazeti la ukutani kusoma makala ya msichana wa darasa la sita aliyeitwa Chiriku. Jina hilo alilipata kwa mdomo wake, maana hata akiumwa jino hanyamazi. Makala yake ya kwanza, juu ya mpishi wa shule, ilisifiwa hata na mwalimu mkuu. Tangu hapo kichwa kikamvimba. Akawa anaandika dakika za mwisho, Ijumaa yenyewe, daftari likiwa gotini. Makala ya pili ilipwaya na ya tatu ikadorora kabisa.

Kwa ya nne akatafuta kichekesho. Siku moja, wakati wa mapumziko, alimwona mlinzi wa lango ameketi kitini, uso juu, macho ameyafumba. Basi akaandika kwamba shule inalindwa na mzee anayekoroma kama lori bovu. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu, naye akajiona bingwa.

Furaha hiyo haikufika mchana. Mwalimu mlezi wa gazeti alimwita pembeni.

"Kamati ya shule imeisoma makala yako," alisema. "Jumatatu wanakaa kuamua kama mlinzi abaki kazini au aondoke. Ulimuuliza chochote kabla ya kuandika?"

"Hapana, mwalimu. Nilimwona tu."

"Ulimsikia akikoroma?"

Aibu ilimshika Chiriku hadi masikioni.

"Ile nimeibandua," mwalimu akaendelea. "Jumatatu asubuhi, kabla kamati haijakaa, nataka nyingine. Ukiniletea kazi ya kulipua, siibandiki, na nafasi yako nampa mwingine."

Alasiri hiyo Chiriku alikwenda langoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuniamsha?"

Machozi yalimlengalenga. "Nimekuja kukuomba radhi, babu. Na kukuuliza nilichopaswa kukuuliza mwanzo."

Mzee akatoa kichupa mfukoni. Ilikuwa dawa ya macho aliyoandikiwa na daktari, mara tatu kwa siku. Akishatia matone lazima afumbe macho dakika tano, la sivyo dawa yote huishia mashavuni.

"Na dakika hizo nani analinda?" Chiriku aliuliza.

Mzee akacheka. "Leo ndiyo unauliza. Lango nalifunga kwa kufuli kwanza, na ufunguo naukalia."

Chiriku aliandika kufuli, akaandika ufunguo, akaandika dakika tano. Aliuliza mzee amefanya kazi hapo miaka mingapi, na siku gani hawezi kuisahau. Akasimuliwa habari ya mtoto wa darasa la kwanza aliyefukuza mpira hadi barabarani, mzee akamdaka shati gari likiwa hatua chache tu. Kurasa nne za daftari zilijaa.

Jumamosi alikwenda kwenye karakana ya baba yake, aliyekuwa mwandika mabango. Baba alipaka rangi, Chiriku akasoma kwa sauti.

"Hapo nimepotea," baba alisema bila kugeuka.

Chiriku akakata, akaandika upya, akasoma tena.

"Hapo unajisifu. Mimi nataka habari za mlinzi."

Akakata tena. Jumapili mkono ulimuuma, na alitamani kuiacha makala ilivyo. Lakini kila alipomkumbuka mzee na kichupa chake, alivuta karatasi nyingine. Alipoisoma mara ya tano, baba aliweka brashi chini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo sasa peleka," alisema.

Jumatatu asubuhi mwalimu aliibandika makala hiyo. Ilianza hivi: "Wiki iliyopita niliandika uongo juu ya mlinzi wetu, kwa sababu sikumuuliza." Wajumbe wa kamati waliisoma wakiwa wamesimama mbele ya gazeti la ukutani, kisha wakamwita mzee, wakakiona kichupa na kufuli. Saa sita haijafika, mlinzi alikuwa amerudi langoni, kazi yake salama.

Chiriku alishusha pumzi. Mwalimu mlezi alisimama kando yake.

"Makala moja nzuri mtu anaweza kuipata kwa bahati," alisema. "Anayetaka kuandika vizuri kila wiki huanza mapema, huuliza, huandika upya, na humsomea mtu mwingine. Na hasahau kwamba anayemwandika ana kazi na familia ya kulisha. Haya, zimebaki siku nne mpaka Ijumaa. Unaandika juu ya nini?"

"Bado sijui, mwalimu," Chiriku alisema, akifungua daftari ukurasa mpya. "Ndiyo kwanza naenda kuuliza."