Jina Bila Shanga

Gari la moshi kutoka Thika lilituteremsha Ruiru jua likikaribia kuzama nyuma ya mibuni. Nilikuwa na furaha. Naitaja furaha hiyo mapema ili mtu asije akaniambia kwamba moyo wangu ulinionya. Moyo haukunionya kitu. Nilikuwa na karatasi kifuani na mtoto mgongoni, na kesho yake asubuhi tulikuwa tunasafiri kwenda Uganda.

Mume wangu, Muasya, alikuwa dereva wa lori kule Jinja, kwenye ujenzi wa bwawa. Alikuwa hajamwona mwanawe tangu alipokuwa akinyonya. Miezi mingi nilihangaikia zile karatasi, maana ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na hata kwenda Nairobi kulihitaji kibali, sembuse kuvuka mpaka. Sasa nilikuwa nazo zote. Ruhusa yenye muhuri, na vyeti viwili vya chanjo ya ndui, changu na cha mtoto. Chanjo yake ilikuwa imeota vizuri kwenye mkono wa kushoto, kidonda kikubwa chenye gamba, na alikikuna mchana kutwa mpaka nikamfunga kitambaa.

Mwanangu aliitwa Muthoka, jina la marehemu baba mkwe. Kwetu sisi Wakamba, mjukuu akipewa jina la babu yake, nyanya humwita "mume wangu" kwa utani. Ni utani mtamu, na watu hucheka. Lakini mama mkwe wangu, Kalondu, hakuwa anatania. Alimpakulia yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Alimuuliza mambo ya mashamba yaliyouzwa zamani, na kumnunia asipojibu. Mtoto wa miaka mitatu! Na nilipomwambia habari za Uganda, alitema mate chini akasema, "Wewe nenda, hakuna aliyekushika. Mume wangu havuki mpaka."

Katika laini zetu za wafanyakazi wa kahawa, wanawake walikuwa wakimwogopa Kalondu. Walisema ana mambo yake. Mimi sikumwogopa. Nilimchukia tu, na chuki ilikuwa imenitosha.

Basi siku ile Thika, karani aliponiuliza jina la mtoto, nikajiambia dawa ya moto ni moto.

"Simeon," nikamjibu.

"Amebatizwa?"

"Atabatizwa hukohuko."

Akaandika. Jina nilikuwa nimelisikia kanisani, nikalipenda, basi. Niliona nimemaliza kesi. Mume wa Kalondu angebaki Ruiru, na mwanangu angevuka. Wako wanaosema nilikosea. Waseme. Hao hawakuishi nyumba moja na Kalondu.

Nikashika njia ya katikati ya mibuni. Kafyu ilikuwa karibu kuanza, na homugadi, wale walinzi wa serikali, hawakuwa watu wa kubembelezwa, kwa hiyo nilikaza mwendo. Hapakuwa na mtu mwingine njiani. Majani makavu yalilia chini ya miguu yangu. Chwa... chwa... chwa...

Nikasimama kurekebisha mbeleko.

Chwa... chwa.

Kisha kimya.

Nikaendelea. Majani nyuma yangu nayo yakaendelea. Hazikuwa hatua za mtu mzima. Zilikuwa nyepesi, za harakaharaka, za mtu anayejitahidi asiachwe.

"Mama," Muthoka akaninong'oneza sikioni. "Yule mtoto amechoka."

"Mtoto gani?"

"Anayetufuata. Mbebe."

Tangu utoto nimefundishwa kwamba jioni ukifuatwa hugeuki, ukigeuka umekaribisha. Sikugeuka. Lakini harufu ikanifikia, na harufu huwezi kuipa mgongo. Ilikuwa ya wino. Wino mbichi, kama ule wa pale ofisini, umechanganyika na udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Wewe nani?" nikauliza nikitazama mbele.

Hatua zikakoma. Kitu kikapumua karibu sana na kisigino changu.

"Simeon," kikajibu.

Nilikimbia. Viatu vilinitoka nikaviacha. Muthoka alikuwa akirukaruka mgongoni akilia kwamba mtoto ameanguka, mtoto ameanguka, na mimi nikamwambia anyamaze kabla sijampiga. Sikupunguza mbio mpaka nilipoiona koroboi yetu inawaka mlangoni, na Kalondu amesimama karibu nayo, mikono nyuma.

"Karibuni," akasema. Akatazama nyuma yangu, akatabasamu. "Mbona mmerudi watatu?"

Nilimpita nikaingia ndani, naye akanifuata na koroboi. Nilifunga mlango kwa komeo na kumshusha mtoto. Sanduku la bati lilikuwa tayari limejaa. Kulikuwa na shuka, sufuria mbili, shati jipya la Muasya, na kibuyu cha unga wa uji wa njiani. Nikaweka zile karatasi juu ya nguo. Yule mwanamke aliniona nikizipanga upya mara ya pili. Alifurahi.

"Umemwandika nani?" akaniuliza.

"Mwanangu."

"Nimeuliza jina, Mbithe."

Nikamgeukia. Nilitaka limuume. "Simeon, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa kejeli. "Muthoka wako simjui. Muthoka alishakufa na akazikwa."

Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alitikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu aliyemaliza mapatano sokoni, akamwita mtoto, akampakata. Shingoni Muthoka alikuwa na shanga zake, zile ambazo babake alimvisha siku ya nne baada ya kuzaliwa, siku moja baada ya kupewa jina.

"Kama huyu ni Simeon," Kalondu akasema, "shanga za mume wangu amezivaa za nini?"

Sikumwona akitoa wembe. Nilisikia tu uzi ukikatika, na shanga zikimwagika sakafuni, zikibingirika kila upande. Papo hapo koroboi ikazimika. Mlango nilikuwa nimeufunga, na dirisha tulikuwa hatuna.

Giza.

Muthoka alilia mara moja. Kilio kikakatika katikati, kama cha mtu aliyezibwa mdomo.

"Nipe mtoto hapa!" nikasema nikipapasa.

"Mtoto yupi?" Alikuwa ananong'ona, na alikuwa anacheka. "Mwite. Mwite tuone anakuja kwa nani."

Jina la mwanangu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Muthoka. Ningelitamka, lakini lilikuwa jina lake yeye, jina la mume wake, na kulitamka mbele yake wakati ule kulikuwa kumpigia magoti. Nisingempigia magoti mwanamke yule hata kwa kisu.

"Simeon!" nikaita. "Njoo kwa mama."

Kiganja kidogo kikaingia mkononi mwangu.

Kilikuwa baridi. Nikajiambia ni woga. Nikamnyanyua, nikamfunga mgongoni kwa mbeleko, nikaketi nimeegemea sanduku mpaka alfajiri. Upande wa pili wa pazia la gunia, Kalondu aliimba wimbo wa kubembeleza mtoto, akarudia na kurudia. Katikati ya wimbo nilisikia kwikwi. Nikadhani kikongwe analia kwa kushindwa. Nikafurahi, nikalala.

Asubuhi hakutoka kutuaga. Nami sikumgongea.

Katika gari la moshi mtoto alikuwa mtulivu. Abiria walimsifu. Hakuomba maji, hakuomba kwenda haja, na kile kitambaa cha mkono, ambacho sikukumbuka kukifungua, hakikuwapo. Lakini hakujikuna. Nikashukuru kwamba kidonda kimeacha kumwasha. Sura ilikuwa ileile, na masikio yaleyale ya Muasya. Nilimwita Simeon akaitika kila mara, upesi, kabla sijamaliza.

Kabla ya kuvuka, afisa alipanda na dresa mmoja wa kukagua chanjo. Alichukua karatasi zangu akazisoma. Akaniambia nimkunje mtoto mkono wa shati.

Nikakunja.

Ngozi ilikuwa laini tupu. Hapakuwa na gamba, wala kidonda, wala kovu. Nikakunja mkono wa pili, nikijua vizuri kwamba si wenyewe. Laini.

"Huyu kachanjwa lini?" dresa akauliza.

"Cheti kiko sawa," afisa akasema, akikigeuzageuza. Kisha akanitazama. Miaka ile watu walikuwa wakikamatwa kwa makosa madogo kuliko kuvusha mtoto wa mwenyewe. "Mama. Huyu ni mtoto wako?"

Nilimtazama yule mtoto. Naye akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Ruiru akatabasamu, meno yote yakiwa sawasawa. Mwanangu alikuwa na pengo. Alianguka pale kisimani akang'oka jino.

Ningefanya nini? Ningesema hapana, wangenishusha na pingu, na kitu kile wangekipeleka wapi? Ng'ambo ya mpaka mume wangu alikuwa amenunua kitanda cha mtoto. Nyuma yangu siku nzima ya reli ilikuwa imeshapita, na kila kituo nilikuwa nimekipita nikiwa nimekaa.

"Sema, mama," yule mtoto akaninong'oneza.

"Ndiyo," nikasema. "Ni wangu."

Muhuri ukagongwa.

Muasya alimbeba begani pale kituoni Jinja akilia kwa furaha. Hakuona kitu. Mwanamume aliyemwacha mtoto ananyonya ataona nini? Ilipita miezi, nguo za safari bado zinamtosha. Hakuugua hata homa. Nikimwogesha, maji yalitoka na weusi mwepesi kama yamefuliwa kaniki. Nilimpiga siku moja, bila sababu, nione kama atalia. Alisubiri nimalize. Kisha akaniuliza, "Nimekosea wapi, mama?"

Mama yangu mzazi alinifundisha kwamba mtoto asiyevishwa shanga za jina bado si mtu, ni kiimu, ni wa mizimu, anaweza kuwa yeyote. Niliposikia hayo nilikuwa msichana, nikacheka, nikasema ni mambo ya wazee. Hayo tu ndiyo ninayoyajua. Mengine anayajua Kalondu.

Mara tatu niliomba ruhusa ya kurudi Kenya kumchukua mwanangu. Karani wa kule Jinja alifungua karatasi zangu akaniambia mtoto wangu yuko Uganda, amesimama hapo, amenishika sketi.

Kisha akaja Ngendo, jirani yangu wa laini za Ruiru, akipita kwenda kwa dada yake Kampala. Nilimpikia chai. Aliongea mambo ya mvua, mambo ya nyapara mpya. Kikombe hakukigusa.

"Mbithe," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Mama mkwe wako anaishi na nani?"

"Peke yake."

"Haiya. Si peke yake. Magharibi yakiingia tunasikia mtoto huko ndani. Anaita mama, anaita mpaka sauti inakauka. Wazee wameenda, wamepekua nyumba yote. Hakuna mtu. Kuna sahani mbili tu, na shanga kwenye uzi mpya." Akafuta macho. "Nilipokwenda kumuaga, akanipa salamu zako."

"Zipi?"

"Amesema nikuambie mume wake hajambo. Kidonda cha chanjo kimepona vizuri, kimeacha kovu zuri."

Ngendo alikuwa akinishika mabega akiita jina langu. Nilipoinua macho, Simeon alikuwa amesimama mlangoni, upande wa jikoni. Alikuwa amesikia yote. Alikuwa amekunja shati lake mkono wa kushoto, vizuri, jinsi nilivyomkunjia siku ile mpakani, na kwa mkono wa kulia alishika koleo lenye kaa jekundu la moto, amelibandika pale pa chanjo.

Hakuwa analia. Alikuwa akinitazama usoni, akisubiri nimsifu.

"Mama," akasema. "Sasa na mimi ninalo."

Moshi ukatufikia mezani, mimi na Ngendo. Haukunuka nyama. Ulinuka karatasi inayoungua.